Njia ya Kisimani na Adabu za Bi Glenys

Kiti cha Bi Glenys Beddoes kimechakaa kwa namna ya ajabu. Mbele kimelika mpaka sponji inachungulia; nyuma ni kipya kama siku kilipotoka dukani. Mwenyewe hajawahi kukiegemea. Hukaa ukingoni, koti mwilini, kikombe cha chai mkononi, kama abiria wa gari lililochelewa miaka sabini na minne. Ukimwambia, "Vua koti basi, Bi Glenys," atakujibu, "Natoka sasa hivi." Na kweli anatoka.

Alikuwa tarishi wa parokia yetu ya Nunstead Wyle kwa miaka thelathini na mmoja. Parokia yenyewe iko huku Shropshire, milimani, karibu na mpaka wa Wales, mahali ambapo kondoo ni wengi kuliko watu na wana tabia nzuri zaidi. Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani na keki. Miguu yake haikupewa taarifa yoyote. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa barabarani, bila barua hata moja, na yeye juu yake.

Mumewe, Ivor, alifariki majira ya baridi ya pili baada ya hapo. Tangu siku ile nyumba ikawa na viti viwili visivyokaliwa. "Nikikaa nafikiri," aliniambia siku moja. "Nikitembea nafikiri kidogo." Ndipo akaanzisha matembezi yake ya Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mvua inyeshe, na kwetu hunyesha, ya kuwaonyesha wageni vitu vya kale na vya asili vya parokia.

Mimi nyumba yangu inatazamana na yake, na utalii niliusomea mwaka mmoja na nusu, kabla chuo na mimi hatujachokana. Darasani walitufundisha kwamba mgeni apewe nafasi ya kutazama. Bi Glenys humpa sekunde nne.

"Huu mlango wa kanisa una miaka mia tisa, ukiugusa usiuegemee, twende! Huu mti ulikuwepo kabla ya kanisa, ndani yake wanaingia watu saba, wembamba, wewe usijaribu, twende! Hapa palikuwa na ngome, sasa pana kondoo, twende! Huyu hapa ni Meja Corfield, alikuwa na shamba lile lote. Habari za asubuhi, Meja." Hapo kwa Meja hupunguza mwendo. Meja yuko chini ya jiwe la kijivu, ukutani mwa uwanja wa makaburi, tangu mwaka elfu mbili na moja. Ukivuka kingazi cha mawe cha kuvukia ukuta, kilicho nyuma ya kaburi lake, unaingia kwenye njia ya kisimani.

Na njia ya kisimani ndiyo parokia yenyewe, hayo mengine ni utangulizi. Inakata lile shamba la Meja, inashuka kwenye msitu ambao mwezi wa tano ardhi yake yote inageuka buluu kwa maua, inapita kwenye tanuri la chokaa lililobomoka, inaishia kwenye Kisima cha Mtakatifu Eda, ambacho maji yake wanasema yanaponya macho. Mimi nimeyapaka na bado nasoma kwa miwani. Lakini Bi Glenys kila asubuhi huenda, hugusa maji kwa vidole viwili, hurudi. Ndipo pekee nilipowahi kumwona amesimama bila sababu. Ivor alimchumbia pale, huku mvua ikinyesha, na yeye akamwambia afanye haraka.

Mwezi wa tatu mwaka jana, Bi Glenys alifika kwenye kingazi akakuta geti la chuma, mnyororo, kufuli, na kibao: HAKUNA NJIA. Shamba lilikuwa limeuzwa kwa Bwana Piers Lovelock, mtu wa London mwenye mbwa wanne wa rangi moja. Alitaka utulivu. Mtu anayetaka utulivu asinunue njia ya Glenys Beddoes.

Alirudi mbio mpaka kwangu. Hakubisha hodi.

"Tamsin! Amefunga!"

"Nani kafunga nini?"

"Kisima! Mtu anafungaje kisima? Amka, uvae viatu!"

"Bi Glenys, saa kumi na mbili na nusu hii. Tukivaa viatu tutafanya nini?"

Akasimama, akafikiri. "Sijui," akasema. "Lakini tutakuwa tumevaa."

Kwa wiki nzima hakujua pa kuiweka miguu. Alizunguka kijiji kama nyuki aliyefungiwa chupani. Alitaka kuzunguka kwa barabara kuu, akarudi amelowa matope ya malori mpaka kwenye nyusi. Alipanga upya kabati la vyombo mara tatu. Alipaka rangi ua wake, kisha wa kwangu, bila kuniuliza.

Kumbe sheria ya nchi yetu ina mlango mdogo. Njia isiyo kwenye ramani ya serikali inaweza kuingizwa, watu wakithibitisha kwamba wameipita miaka ishirini mfululizo kabla haijafungwa: waziwazi, bila kuvunja kitu, na, sikiliza hili vizuri, bila ruhusa ya mwenye ardhi. Ukipita umeomba, wewe ni mgeni tu, na mgeni hufukuzwa. Ukipita hukuomba, ukapita, ukapita, basi baada ya miaka ishirini njia ni ya kila mtu. Ndiyo sheria pekee ya Uingereza inayomzawadia asiye na adabu.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti akawa Clive Mytton, mwalimu mstaafu anayependa kamati kama wengine wanavyopenda bia. Kila aliyewahi kupita njia ile akapewa fomu ya maswali kumi na manne. Zikarudi fomu arobaini na moja. Tukaomba, tukasubiri, tukasubiri tena, mwaka ukageuka, na mwishowe ikapangwa siku: mkaguzi wa serikali atakuja ukumbi wa kijiji, atasikiliza pande zote mbili, kisha ataamua. Shahidi wetu mkuu, nani tena? Mtu aliyepita pale kila siku, kwa kazi na kwa mapenzi, na kuongoza wengine wote.

Siku tisa kabla ya kikao, nilikwenda kwake kuhakiki fomu kwa mara ya mwisho. Alikuwa amesimama dirishani na koti lake.

"Bi Glenys, swali la nane hujajibu."

"Lipi hilo?"

Alilijua fika. Nikamsomea: "'Je, umewahi kuomba au kupewa ruhusa ya kutumia njia hii?' Wote wameandika hapana. Andika hapana tukanywe chai."

Hakugeuka. "Siwezi."

"Huwezi kuandika?"

"Siwezi kuandika hapana." Akavuta zipu ya koti juu, akaishusha. "Niliomba."

Nikacheka. Kisha nikaacha. "Uliomba lini?"

"Kila mwaka. Tarehe moja Januari, kabla ya chakula cha mchana. Mtu huwezi kupita kwenye shamba la mtu mwaka mzima kama ng'ombe, mwanangu. Unaomba, unasema ahsante, mnatakiana heri ya mwaka mpya."

"Uliomba kwa niaba yako?"

"Kwa niaba yetu sote. Ningejiombea mwenyewe tu? Ningekuwa mchoyo."

Nikaketi. Nilikalia kile kiti cha Ivor, sikuwa nimewahi kukikalia. "Na mara ya mwisho?"

"Mwaka jana. Januari."

Mwaka jana Januari, miezi miwili kabla ya mnyororo. Nikajua moja kwa moja: baada ya Meja kufa alikuwa akimwandikia mwanawe, yule anayeishi Ureno, aliyerithi shamba na kuliuza bila hata kuja kuliaga. Miaka yote ishirini, mwanamke huyu alikuwa anatuma barua za shukrani, na kila barua ilikuwa msumari kwenye jeneza la njia yetu. Arobaini na mmoja sisi tulipita kama raia, kumbe tulipita kama wageni walioletwa na Glenys.

"Adabu," nikamwambia. "Watu wengine wanaponzwa na ulevi. Wewe adabu."

"Usinisute, Tamsin. Sijalala tangu Jumanne."

Clive nilimwambia jioni ileile, akaja na uso wa mtu aliyemeza kijiko. Tulimkuta Bi Glenys anapiga deki jiko lililokuwa linang'aa.

"Glenys, mpenzi," Clive akaanza kwa upole, "hakuna anayekuomba useme uongo."

"Vizuri."

"Tunachokuomba ni usikumbuke."

Akaegemeza mopu ukutani. "Clive Mytton. Nakumbuka namba ya kila mlango wa parokia hii. Nakumbuka mbwa gani aling'ata na aling'ata wapi. Nakumbuka ulikuwa unapata barua zenye manukato kutoka kwa mwalimu wa Ludlow, na mkeo..."

"Basi, basi."

"Na mimi huwa nasahau?"

"Hapana, Glenys," Clive akasema, amekuwa mwekundu kama bitiruti. "Husahau." Akakohoa. "Basi pengine usije. Tutasema mgonjwa."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alikaa. Alikaa mpaka nyuma, mgongo ukagusa kiti. "Nimepeleka barua na homa, na mguu umefungwa plasta, na theluji imefika hapa," akajionyesha pajani. "Sijawahi kusema mgonjwa. Nitakuja. Nikiulizwa nitajibu. Njia ikifa, imekufa mkononi mwangu, na mimi ndiye nitakayeilia. Sasa tokeni, nataka kutembea."

Usiku na mchana alitembea, ila hakuwa na pa kwenda. Alikwenda mpaka kwenye kingazi, akagusa mnyororo kwa vidole viwili, akarudi. Akaenda tena. Nilikuwa nikimwona kutoka dirishani kwangu, na kusema kweli nilianza kuchoka kwa niaba yake.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Akina mama walileta keki nne na sandwichi za yai, maana huku kwetu hata ukinyongwa kuna atakayekuuliza kama umepata chai. Mkaguzi alikuwa Bwana Tranter, mtu mwembamba wa kalamu tatu. Bwana Lovelock alikaa mbele na wakili wake, mwanamke kijana mwenye suti nadhifu. Alikuwa mpole, nasikitika kusema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Mashahidi walipita mmoja mmoja. Hapana, hatukuomba. Hapana, hatukuona kibao. Ikafika saa tano na nusu, akaitwa Bi Glenys. Alikaa ukingoni mwa kiti.

Wakili akafunua fomu. "Bibi Beddoes, naona swali la nane umeliacha wazi."

"Ndiyo."

"Ulisahau?"

Clive, pembeni yangu, alifumba macho.

"Sisahau," Bi Glenys akasema. "Niliomba ruhusa."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Wakili akaweka kalamu chini polepole, kama mtu aliyeona samaki amekuja mwenyewe kwenye kikapu na hataki kumshtua. "Uliomba. Mara ngapi?"

"Kila mwaka, mama. Tarehe moja Januari."

"Kwa miaka mingapi?"

"Tangu niolewe. Mwaka sabini na tatu."

"Mpaka?"

"Mpaka mwaka jana."

"Kwa niaba yako peke yako?"

"Kwa niaba ya parokia."

Bwana Lovelock akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Nyuma yangu mtu akasema neno ambalo halisemwi mbele ya keki. Wakili akamgeukia mkaguzi. "Sina maswali zaidi, Bwana Mkaguzi."

Angekuwa na moja zaidi, pengine angeligundua mwenyewe. Bwana Tranter alikuwa bado anaandika. Akainua kichwa. "Mimi ninalo dogo, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Bibi Beddoes, ruhusa hiyo ulimwomba nani?"

"Meja Corfield."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Nampelekea na chupa ndogo ya pombe yangu ya matunda ya porini, alikuwa anaipenda."

Mkaguzi akapekua karatasi zake. Akapekua tena. "Nisaidie. Hapa nimeandikiwa kwamba Meja Corfield alifariki Oktoba mwaka elfu mbili na moja."

"Ndiyo, tarehe kumi na tisa. Mazishi yalikuwa mazuri, mvua tu."

Nyuma ya ukumbi birika la chai likaanza kuchemka.

"Basi baada ya hapo," akasema Bwana Tranter kwa uangalifu mkubwa, "ulimwomba wapi?"

Bi Glenys akayatazama magoti yake. Niliona shingo yake inaiva kwa aibu. Nikaelewa kwamba hiki ndicho alichokuwa akikiogopa siku zote tisa, si swali la nane. "Pale alipo," akasema. "Kaburini. Ni njiani, hata hivyo. Nasimama, namwambia, 'Meja, heri ya mwaka mpya, tunaomba kupita tena mwaka huu.' Namwagia tone moja, lingine nakunywa mimi kwa ajili ya baridi. Najua inavyosikika."

"Na mwanawe? Yule mmiliki? Hukumwomba?"

"Sikuwa na anwani yake."

"Na Bwana Lovelock hapa, aliponunua?"

Akashtuka kweli kweli. "Huyu? Ningemwombaje? Hatujatambulishwa!"

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni padri. Kicheko kilipita safu kwa safu kama upepo kwenye shayiri, hata yule wakili alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika. Bwana Tranter peke yake hakucheka. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini, akasema kwamba kwa uelewa wake marehemu hana uwezo wa kutoa ruhusa ya ardhi, na kwamba tutapumzika dakika ishirini kwa ajili ya chai.

Bi Glenys hakucheka pia. Alikuja kwangu, amekunja ngumi. "Nimeiua?"

"Hesabu mwenyewe. Meja kafa elfu mbili na moja. Mnyororo umekuja elfu mbili ishirini na tatu. Katikati hakuna mtu hai aliyetupa ruhusa."

Akahesabu kwa midomo. "Ishirini na mmoja na ushee."

"Na ushee."

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa naingia shamba la mtu bila kuomba?" Uso wake ulikuwa na hofu tupu. "Tamsin, mimi ni mhuni?"

Mchana mkaguzi ilibidi aikague njia kwa miguu, na kufuli likafunguliwa kwa saa moja. Sheria ya ukaguzi ni kwamba pande zote mbili zinamfuata lakini hakuna ruhusa ya kumwambia neno lolote, asije akashawishiwa. Nimeona watu wakiteswa kwenye sinema. Sijaona mtu akiteswa kama Glenys Beddoes siku ile. Mwaka mzima hajaiona njia yake. Msitu umejaa buluu. Nyuma yake tanuri, mbele kisima, na mbele yake mgeni wa serikali anayeangalia kila kitu kwa sekunde zaidi ya nne, na yeye haruhusiwi hata kusema "twende". Alikuwa anaguna. Alikuwa anamzunguka kama mbwa wa kondoo. Kwenye tawi la chini karibu na kisima, uvumilivu ukamwishia.

"Kichwa!" akapiga kelele.

Bwana Tranter akainama kwa wakati. Akamtazama wakili. Wakili akamtazama Bwana Lovelock. Ikaonekana kwamba neno lile halikuwa ushawishi.

Kisimani wote tulisimama. Bi Glenys akapita katikati yetu, akagusa maji kwa vidole viwili, akasimama pale. Hakuna aliyemharakisha.

Uamuzi ulichukua wiki kumi na moja. Hizo sitazisimulia, kwa sababu nilizitumia nikipakiwa rangi ua. Barua ilipofika, tarishi wa sasa, kijana mvivu anayetembea na gari, alimpa mkononi, naye akaisoma pale pale barabarani: njia inaingizwa kwenye ramani, mnyororo utolewe. Hakuruka wala hakulia. Aliikunja, akasema, "Anwani wameikosea kidogo," akaanza kutembea.

Nilimfuata. Geti lilikuwa wazi. Kwenye kaburi la Meja alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama.

"Sasa nimwambie nini? Siombi tena."

"Mwambie habari za asubuhi."

"Habari za asubuhi, Meja," akasema, akavuka kingazi.

Katikati ya shamba tukakutana na Bwana Lovelock na mbwa wake wanne. Mtu akishindwa huku kwetu hupewa ukarimu wa kuangaliwa viatu, si uso, nami nikaangalia viatu vyake. Lakini Bi Glenys alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Glenys Beddoes," akasema. "Hatujatambulishwa. Nilitaka tu kukushukuru kwa kutu—"

Nikamkanyaga mguu. Kwa nguvu.

"—kukujulisha," akamalizia, machozi yakimlenga, "kwamba mbwa wako wa tatu anachechemea."

Bwana Lovelock akainama kumtazama mbwa. Ni kweli, alikuwa anachechemea. Tuliwaacha pale wanakaguana makucha, na Bi Glenys akawa amefika msituni kabla sijapata pumzi. Aligusa maji, akageuka, akatoa mfukoni ramani iliyokunjwa mara kumi na sita.

"Tazama hapa, nyuma ya kilima cha kunguru. Njia ya zamani ya wachoma chokaa. Haiko kwenye ramani, na mwenye shamba ana miaka tisini na mbili. Kesho saa kumi na mbili."

"Bi Glenys, keti kidogo. Umeshinda leo."

Alikitazama kile kibenchi cha mawe kando ya kisima, kibenchi alipochumbiwa, kama mtu anayefikiria kweli. Kisha akavuta zipu ya koti mpaka shingoni.

"Vaa viatu vizuri," akasema. "Na ukimwona yule mzee dirishani, usithubutu kumpungia mkono."